Pua Iliyokufa Kabla Yangu

Kosa langu la kwanza baada ya kuumia kichwa lilikuwa kuamua kwamba nitapona vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kupona Garissa. Sikutaka kupona tu. Watu wa kawaida hupona tu. Nilitaka kupona mapema kuliko daktari alivyosema, bila doa, hivi kwamba mtu akiniona asikisie hata kidogo kuwa kuna kitu kilinipata. Niliuchukulia ubongo wangu uliovuja damu kama mtihani ambao wengine huufeli kwa uvivu.

Ajali yenyewe haina heshima. Hooyo, yaani mama yangu, ana kibanda cha maziwa ya ngamia karibu na soko, na juu ya mlango kuna kibao nilichokiandika mwenyewe kwa rangi ya bluu. Kibao kilikuwa kimelalia upande mmoja, kidogo sana. Hakuna aliyeliona jambo hilo ila mimi, na mimi sikuweza kula nikikitazama. Asubuhi moja nikaweka kiti cha plastiki juu ya meza, nikapanda, nikakinyoosha, kisha nikarudi nyuma hatua moja ili nikitazame vizuri. Mtu aliye juu ya kiti hana hatua ya kurudi nyuma. Nilifikia kisogo kwenye saruji.

Mjini hakuna aliyeridhika na habari hiyo. Kufikia jioni nilikuwa nimepigwa teke na ngamia. Kesho yake ngamia akawa na kichaa. Eedo, dada ya marehemu baba, anayekaa Dadaab, aliambiwa nimegongwa na lori la maji, akafunga safari akilia njia nzima. Alipofika hospitalini akaelezwa ukweli, alikasirika waziwazi.

"Kiti?" aliuliza. "Nimelia kutoka Dadaab kwa sababu ya kiti?"

Niseme hapa kwamba nyumbani tunaongea Kisomali, na maneno ya watu humu nimeyageuza mimi. Kama yamepoteza makali, lawama ni yangu. Kiswahili sikufundishwa na mtu. Shule niliiacha katikati baba alipofariki, na lugha hii nimeiokota redioni na kwenye vitabu visivyo na jalada. Kuandika vibao nilijifundisha. Maziwa nilijifundisha. Mtu wa kujifundisha ana ugonjwa wake: kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpa alama, anajisahihisha mchana kutwa.

Daktari alikuwa kijana wa bara, mpole, mwenye macho ya kukosa usingizi. Aliniuliza tarehe. Nikamuuliza, kwa kalenda gani? Akaandika kitu. Nadhani aliandika kwamba nimechanganyikiwa. Alinieleza kuwa damu kidogo imevuja ndani ya fuvu, kwamba haihitaji kupasuliwa, na kwamba ubongo si mfupa.

"Mfupa ukiunga tunauona kwenye picha," alisema. "Ubongo unajitafutia njia. Mengine yatarudi upesi, mengine polepole, na mengine huenda yasirudi. Pumzika. Usisome, usikae na simu, na kazini usirudi mpaka nikuambie."

Katika maneno yote hayo nilisikia matatu: mengine yatarudi upesi. Usiku uleule nilikuwa chini ya shuka na simu, nasoma kuhusu ubongo, huku jicho moja limefumbwa kwa maumivu.

Niliporudi nyumbani walikuja wageni. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake hata akiomba. Walijaa kwenye mikeka, wakanywa chai yetu, wakanichunguza kama mbuzi anayeuzwa, na kila mmoja alikuwa na dawa. Kuna aliyeleta haba soda. Abti, kaka yake Hooyo aliye Diff huko mpakani, alituma mafuta ya nundu kwenye chupa ya soda pamoja na maagizo ya kusugua ambayo yalifika yakiwa yamepotea nusu, kwa hiyo hatukujua kama ni ya kichwa au ya miguu. Ayeeyo, bibi yangu, alitaka kunichoma kisogo kwa chuma cha moto, kama alivyofanyiwa babu, na babu akapona. Nilimkumbusha kwamba babu alifariki. "Alifariki kwa kitu kingine," alinijibu.

Na wote, kabla ya kuondoka, walinidai neno moja. "Sema alhamdulillah. Ungekufa." Nikasema. "Kuna mtu Wajir alianguka kitandani tu, kitanda kifupi, akafa." Nikasema tena. Nilikuwa nasahau neno kijiko, nilitia chumvi kwenye chai, nililia siku moja kwa sababu kuku alikimbizwa, mwanga wa mlangoni uliniingia kichwani kama msumari, na bado nilitakiwa nishukuru mbele ya watu kwa sauti ya kusikika. Nilishukuru kwa meno. Moyoni nilikuwa nauliza kwa nini nishukuru kwa kuachiwa kichwa kibovu wakati nilikuwa nacho kizima, na nilikuwa nakitunza.

Lakini hayo yote yalikuwa kwenye mpango wangu. Niliyahesabu kuwa ni ya muda. Lililonitoa jasho ni lile ambalo sikulipangia.

Ijumaa moja Ayeeyo alikuwa anafukiza nguo zake kwa ubani kabla ya swala. Nikamwambia, "Ayeeyo, leo huwashi ubani?"

Aliganda. Chetezo kilikuwa karibu na magoti yangu, kinatoa moshi kama tanuri.

"Macho pia yamekwenda?" akauliza.

"Natania," nikasema.

Nilikwenda jikoni nikafungua mkebe wa karafuu nikaingiza pua ndani. Hakuna kitu. Iliki, hakuna. Kitunguu saumu nilikisaga kwa meno: kiliuma ulimi, lakini harufu hakuna. Nilisoma baadaye kwamba mtu akiangukia kisogo, ubongo husukumwa mbele na nyuzi ndogo zinazoleta harufu hukatika. Nyuzi zenyewe ni nyembamba kuliko nywele. Ulimi hubaki na chumvi, sukari, uchachu na uchungu, na basi.

Sasa nieleze kwa nini hili halikuwa jambo dogo. Maziwa ya ngamia hutufikia asubuhi kwa madumu kutoka kwa wafugaji tofauti tofauti, yanamiminwa kwenye mapipa ya alumini, yanapanda basi kwenda Nairobi. Dumu moja bovu linaharibu ya wote. Kwa hiyo kabla ya kumimina, mtu mmoja hufungua kila dumu, akanusa, akaonja tone, akasema ndiyo au hapana. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa najua dumu limefukizwa kwa moshi wa mti gani, nilijua lililooshwa kwa haraka, nilijua ngamia aliyekula majani ya chumvi. Nilirudisha maziwa ambayo mtu mwingine angeyanywa akaomba na mengine. Kina mama walinilaani mbele yangu na kunisifu nyuma yangu. Nilikuwa sivumiliki, na hiyo ndiyo kazi pekee duniani ambamo kutovumilika kwangu kulikuwa na faida. Pua ikiwa imekufa, sikujua mimi ni nani hasa. Kijana mwenye mwandiko mzuri, labda.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo msomaji wa mbali huenda akalicheka. Kwetu aibu ya mwili haifichwi, inageuzwa jina. Mwenye kuchechemea huitwa hivyo hivyo, na haitwi kwa siri. Watoto wake mwenyewe humwita hivyo kwenye simu. Mwenye jicho moja, mwenye kichwa kirefu, yule aliyetumbukia kisimani utotoni, wote wana majina yao, na wanaitika bila kinyongo. Jina likikukaa halitoki hata ukipona. Utazikwa nalo, na kaburini watu wataulizana, "Ni yule Kisima?" Nilikuwa nimefika umri huu bila jina la aina hiyo. Nilijivunia. Nilikuwa safi.

Kwa hiyo nilificha. Kwenye simu nilisoma kwamba pua hufundishika: unanusa vitu vilevile kila siku, ukikumbuka kwa nguvu harufu yake ya zamani. Nilijifungia chooni na karafuu, limau na iliki. Dada yangu mdogo, anayeosha madumu kibandani huku akiimba na kuacha vifuniko popote, alinichungulia mlangoni akaenda kumwambia Hooyo kwamba sasa naongea na iliki.

Mezani nilikuwa nafunga macho, navuta mvuke wa wali, nasema, "Hooyo, leo umeweza. Harufu hii!" Hooyo alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. Wali wenyewe kinywani ulikuwa kama kutafuna karatasi yenye joto na chumvi.

Nilirudi kazini bila kumwuliza daktari. Nilikuwa nimejifundisha kunusa kwa macho. Nilifungua dumu, nikainamisha kichwa, nikavuta hewa, nikafumba macho kama mtu anayesikiliza habari kutoka mbali, kisha nikayafumbua ghafla na kumtazama mwenye maziwa. Mwenye maziwa mabaya hutazama kando. Nilitazama povu. Nilionja, na uchachu niliupata, kwa kuwa ulimi ulikuwa hai. Kwa kipindi kizuri nilifaulu, na nilianza kuamini kwamba pua ni kiungo kilichopewa sifa kupita kiasi. Nikifika nyumbani nilikuwa naanguka kitandani na viatu, kichwa kikigonga, nikaiita hali hiyo "uchovu wa kawaida."

Halafu ikaja asubuhi ya mafuta ya taa.

Kulikuwa na mwanamke kijana, ameolewa karibuni, kutoka njia ya Kotile. Mifugo ya mumewe ilikuwa imesogea karibu na barabara na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutuletea. Kwake lilikuwa jambo kubwa: mama mkwe wake alikuwa na wanunuzi wake wa miaka, na yeye alitaka kuonyesha kwamba naye anaweza. Aliniletea dumu akasema mbele ya watu, "Walaal, ndugu yangu, linuse hili vizuri. Langu limepasuka. Hili nimeazima kwa jirani na sijui lilikuwa na nini."

Nilinusa vizuri. Nilifanya tamasha zima. Nilimtazama machoni: hakutazama kando. Nikaonja: tamu, chumvi kidogo, hakuna uchachu.

"Safi," nikasema. "Tena yako ndiyo bora leo."

Aling'aa. Dada yangu, aliyekuwa anapita na ndoo, akasimama. "Walaal, mbona kuna harufu ya mafuta ya taa?"

"Iko kwako," nikamwambia. "Si wewe uliyewasha jiko jana?"

Alinusa mikono yake. Mpakiaji wetu wa mapipa naye akainua shati lake akanusa. Mama mmoja mzee akanusa ncha ya mtandio wake, akatikisa kichwa, akausogeza mbali na uso. Kibanda kizima kilikuwa kinajinusa. Hakuna hata mmoja aliyeshuku dumu, kwa kuwa mimi nilikuwa nimelipitisha, na kama mimi nimesema safi, basi pua zao ndizo mbovu. Nilimimina mwenyewe. Kwa uangalifu. Sikumwaga hata tone.

Simu ilitoka Nairobi kabla ya magharibi. Aliyepiga ni binamu yake Hooyo anayetupokelea maziwa. Hooyo aliweka sauti wazi kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga, kwa hiyo tulisikia sote.

"Dada yangu," alisema yule binamu kwa adabu kubwa, "mwambieni huyo ngamia wenu aache kunywa mafuta. Nimeyafungua mapipa yenu na jirani amekuja kuniuliza kama nauza jiko."

Pipa zima lilimwagwa, na wateja wakaenda kwa mwingine. Hooyo alirudi kwenye karai lake usiku ule. Alikanda unga mpaka ukakaribia kuomba msamaha. Mimi nililala ukutani nikijiambia kwamba huenda ni basi, huenda ni kibarua wa Nairobi, huenda kila kitu isipokuwa mimi.

Asubuhi yule mke kijana alikuja na dumu jipya kabisa, linang'aa, akitabasamu tangu mbali. Hooyo alisimama mlangoni.

"Rudi nalo," akasema. "Kibanda changu si kituo cha petroli. Umetia maziwa kwenye dumu la mafuta ya taa, na hukuona haya."

Kina mama wote waligeuka. Lililokuwa linaharibika pale nililijua vizuri. Maneno ya mlangoni kwa Hooyo hufika Kotile kabla ya gari. Angeitwa Mafuta ya Taa, yeye na maziwa yake, na mama mkwe angelitumia jina hilo kwa furaha hadi wajukuu.

"Eedo," alisema yule mke, akimwita Hooyo kwa heshima kama shangazi, "nilimwambia anuse. Nilimwambia mbele ya watu." Akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri shahidi wake asimame.

Nitasema kweli kilichopita kichwani mwangu, kwa kuwa sina sifa ya kupoteza. Nilifikiri: sema hukumbuki. Una jeraha la ubongo. Ni ruhusa kamili, hakuna atakayekulaumu, daktari mwenyewe ameandika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianguke kwamba jeraha langu lilionekana kuwa na matumizi, na nililishika mkononi, nikalipima uzito. Kisha dada yangu akafungua kinywa kusema alichonusa jana na nilivyomjibu, nikaona hata huo uongo utashindwa vibaya, na mimi sipendi kazi mbovu.

"Alisema," nikasema. "Mimi ndiye sikunusa. Sinusi kitu. Tangu hospitali sinusi kitu chochote."

Walisogea karibu.

"Kitu chochote?" aliuliza yule mama mzee wa mtandio.

"Chochote."

Ningependa kuandika kwamba walinihurumia. Yule mama alivua kiatu chake cha plastiki, cha mtu aliyetembea kutoka stendi kwenye jua lile, akakileta chini ya pua yangu.

"Hiki?"

"Hakuna."

"Subhanallah!" Akageuka kwa wenzake. "Leteni kitunguu!"

Walileta kitunguu. Walileta ugoro wa mzee wa jirani. Mmoja alikimbia mpaka kwa wauza mbuzi akarudi na kitu kwenye karatasi ambacho sikuuliza ni nini. Mpakiaji aliinua mkono akanielekezea kwapa lake kwa heshima, kama anayenikaribisha ndani, na kina mama walio nyuma yake wakakimbia huku mimi nimesimama palepale, navuta hewa, nikisema, "Hakuna. Wallahi hakuna." Yule mke wa Kotile alikuwa ameketi juu ya dumu lake jipya, amejifunika uso, mabega yanatetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Mama mzee alikaa chini kwenye saruji, ileile saruji, akishika mbavu.

"Waryaa," alisema akipangusa macho, "tumekuwa tukihukumiwa na ukuta!"

Hapo nami nikacheka. Kicheko kiliniumiza kichwa, na sikuweza kukizuia. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshapewa jina. Sitaliandika hapa kwa sababu Hooyo huenda akasomewa, lakini linahusu ile karatasi ya kwa wauza mbuzi. Niliitwa mara ya kwanza na mpakiaji, kutoka ng'ambo ya barabara, kwa sauti ya kuamsha soko, na nikageuka na kuitika. Nilisubiri dunia ianguke. Alikuwa anataka tu kamba.

Hooyo hakucheka. Alimwomba radhi yule mke mbele ya wote, akapokea dumu lake, akafanya kazi mpaka mwisho bila kunitazama. Nyumbani aliniweka mbele yake kwenye mkeka.

"Tangu hospitali?"

"Tangu hospitali."

"Na wali?"

Sikuelewa.

"Wali wangu! Kila siku unafumba macho. 'Hooyo, harufu hii!' Nimeongeza iliki. Nimeongeza mdalasini. Nilitoka mpaka kwa yule mwizi wa viungo kwa sababu mwanangu mgonjwa anapenda harufu. Nilikuwa napika kwa ajili ya nani?"

Katika yote niliyofanya, hilo ndilo lililomtoa machozi. Pipa halikumtoa. Nikajaribu kumweleza. Nikasema nilitaka nipone kwanza ndipo nimwambie kwamba nilikuwa naumwa. Nilisikia jinsi inavyosikika. Nikamwambia na lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu: kwamba maziwa si kitu, kwamba nikiingia nyumbani sijui nimeingia kwa nani. Mtandio wake ulikuwa na harufu yake, ubani na unga na jasho lake, tangu nikiwa mtoto, na sasa anapita karibu yangu kama picha.

Alijipangusa macho. Kisha akafungua kinywa akanionyesha kwa kidole nyuma ya taya.

"Hapa hakuna jino. Na hapa. Huku nako. Nyama ya mfupa siitafuni tangu baba yako akiwa hai. Ulinisikia nikitangaza? Lakini je, ulinisikia nikimdanganya mtu kwamba natafuna? Nakata vidogo, nakula." Akaninyooshea mtandio. "Hooyo," akaniita, maana kwetu mama humwita mtoto kwa neno lilelile ambalo mtoto humwita yeye, "harufu hakuna, haya. Kitambaa si unakishika?"

Nilikishika. Ni pamba, kimelainika kwa kufuliwa, na pembeni kina mshono uliorekebishwa vibaya. Mimi ndiye niliyetaka kumfunza kushona upya ule mshono, siku za nyuma. Niliushika muda mrefu.

Kesho yake dada yangu alianza kunusa. Sikulala kwa wasiwasi. Ananusa huku akitafuna, anacheka na kila mtu, hafumbi macho, na dumu la tatu alilirudisha bila hotuba, "Hili hapana, mama, limelala," akaendelea. Alikuwa sahihi. La nne alilipitisha ambalo mimi wa zamani ningelirudisha kwa sababu ya moshi kuzidi, na watu wa Nairobi wakaliulizia hilohilo wakitaka mengine. Ilinichoma siku kadhaa. Halafu sikuwa na nguvu ya kuchomeka. Kichwa changu kina mafuta ya kazi ya nusu siku tu, na nilianza kuyatumia kwa vitu vingine.

Sasa nina vyeo ambavyo sikuviomba. Mtaa ukipata mfereji ulioziba, naitwa mimi. Paka akifia juu ya dari, naitwa mimi. Napanda, natoa, nashuka, na watu waliosimama mbali wakiwa wameziba pua wananitazama kama shujaa wa vita. Eedo akija kutoka Dadaab ananisifia kwa majirani: mpwa wake hana woga. Ayeeyo anasema angenichoma mapema haya yote yasingetokea.

Kuhusu shukrani, nitasema ninavyojua. Sishukuru kwa kuanguka. Mtu akiniambia kwamba ajali ilikuwa zawadi, namwonyesha kile kiti, naye apande. Lakini asubuhi moja, muda baada ya hayo, nilikuwa namsaidia dada yangu kumimina, nikagundua kwamba nimesimama nikisikiliza. Maziwa mazuri yakiingia kwenye pipa hutoa sauti ya chini, nzito, na povu lake linapasuka taratibu. Mkononi dumu lilikuwa na uvuguvugu, joto la ngamia aliyekuwa hai na mwenye shughuli zake alfajiri ile huko porini. Kina mama walikuwa wanabishana kuhusu harusi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyealikwa. Yule mke wa Kotile alikuwa anaongoza ubishi. Mtu akaniuliza hali, nikasema alhamdulillah kabla sijakumbuka kwamba ni neno nililokuwa nalichukia. Sikuwa nimesaga meno. Nilishtuka kidogo, kisha nikaenda kuketi kivulini, kwa kuwa macho yalikuwa yameanza kuuma.

Nilirudi kwa daktari pia, na kumweleza yote. Alisema baada ya muda wote huu pua huenda isirudi. Nilimuuliza huenda ni asilimia ngapi. Alinitazama, akacheka, akasema hajui. Nikamshukuru, nikapanda bodaboda nikaenda nyumbani.

Pua haijarudi. Bado nasahau maneno nikichoka. Nafanya kazi asubuhi, mchana nalala, na sifichi kwamba nalala. Madumu naosha na kufukiza mimi, na kunusa ni kazi ya dada yangu. Hooyo akinipa chakula ananiambia kina harufu gani, nami namwambia kweli kinywani kikoje.